Nilivyomleta Sista Nyumbani Akicheka

Nilimchekesha sista yangu kutoka tao, huko mjini, mpaka Kinoo, na bwanake alikuwa mochari. Wacha nianze na hiyo, ndio nisikuje kuificha huko katikati nikijifanya mtu mzuri.

Shemeji alikuwa fundi wa mawe. Asubuhi hiyo mbao ilivunjika wakiwa juu kwa mjengo, akaanguka, hakufika hospitali akiwa hai. Mchana wazee walikuwa wamekaa kwa nyumba yake wakiulizana nani ataenda kuchukua bibi yake, huyo sista yangu, maanake alikuwa kazini, duka ya vitambaa Biashara Street. Kwetu mtu haambiwi kitu kama hiyo kwa simu. Kwa barabara pia haambiwi. Analetwa mpaka nyumbani, anakalishwa, wamama wanamshika mabega, halafu ndio mzee anasema.

Sasa nani ataongea na yeye njia yote bila kutoa siri? Wote wakaniangalia. Mimi shule niliachia form two, na kwa hiyo familia hata kuombea chakula wananirukanga maanake nitaongeza utani. Siku hiyo nikapewa kazi. Nikasikia raha kidogo. Hiyo pia ni aibu, lakini ni ya pili.

Rafiki yangu alikuwa na pickup, akakubali kuendesha. Yeye si mtu wa maneno. Mwenye duka nilimwambia ukweli pembeni, akamwachilia sista mapema, na sista tukamwambia tu amepata lifti ya bure. Akaingia katikati yetu, amefurahi sana.

Akatoa simu apigie bwanake. Hapatikani. Tukiwa Westlands akajaribu tena, nikaona ameanza kukunja uso, na hii mdomo yangu ikajifungua yenyewe.

"Labda amepata mwingine, ndio amezima."

Akacheka mpaka akanigonga bega. "Huyo? Nani atamtaka na hiyo miguu ya simiti?"

Nikamuomba simu nicheze ile gemu ya nyoka. Ukweli ni nilikuwa naogopa mtu atampigia kumpa pole. Ilipolia nikakata, nikasema ni mtu anaflash tu ndio apigiwe. Nikamwekea ile stori ya vile bata mzinga ya landlord ilinifukuza huko mtaa wa Satellite nikiwa na taulo peke yake. Sijawahi kuwa mkali wa utani kama siku hiyo. Kila kitu nilisema ilichekesha. Rafiki yangu aliangalia barabara tu.

Uthiru sista akasema tusimame, bwanake ameomba maini tangu Jumapili. Ningemwambia asinunue nikitoa sababu gani? Nikashuka na yeye, na ndio nisisimame hapo nikimwangalia, nikaanza kubishana na mwenye bucha. Nikamwambia hiyo ng'ombe inaonekana ilikuwa mlevi, apunguze bei ya maini. Akapunguza. Bucha yote ilicheka, na sista akawaambia watu, huyu ni ndugu yangu.

Tulipofika Kinoo, viti zilikuwa nje. Wamama wa kanisa walikuwa wamesimama kwa geti na leso mabegani, na mlangoni viatu zimejaa. Kicheko ikakatika. Hakuuliza ni nani. Alinigeukia, maini kwa mkono.

"Ulikuwa unajua?"

Nikanyoosha mkono nimpokee maini. Wamama wakamfikia. Mzee aliposema ile kitu alikuwa amepanga kusema, sista hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

Tulizika. Siku hizi tunasalimiana, chai ananipea, lakini nikianza stori anakumbuka kuna nguo hajaanua. Na nikimpigia simu hasemi haloo. Anauliza, "Nani amekufa?" Hata kama nataka tu kujua bei ya viazi.

Jioni ya mazishi tulikaa kwa pickup, mimi na rafiki yangu, madirisha imefungwa. Nikamwambia mimi nilitumwa, wazee ndio walisema, na sista alikuwa lazima afike vizuri. Nikaongea sana, kama kawaida. Yeye akapangusa usukani na kitambaa mpaka nikamaliza.

"Siku yangu ikifika," akasema, "bibi yangu usiende kumchukua wewe. Waambie watume mtu hajui kuongea."