Mshale Ubavuni mwa Tairi

Wengi niliowasimulia kisa hiki walinisikiliza kwa ule upole tunaowapa walevi. Basi nianze kwa kukutoa wasiwasi: sikuwa nimekunywa, sikuwa usingizini, na wala haukuwa usiku. Ulikuwa mchana, mvua imekatika, nami nilikuwa Sherikat, hapa Juba, karibu na daraja, nikinunua tairi. Niambie, kuna shughuli gani isiyo na mambo ya ajabu kuliko kununua tairi?

Mama yangu alikuwa akiishi peke yake kwenye shamba lake, ndani kabisa ya njia inayochepuka kutoka barabara ya Nimule, ukishapita Nesitu. Alipata kidonda mguuni. Jirani yake alipiga simu akasema mguu umevimba na umeanza kunuka, na mvua zile zilikuwa zimegeuza njia kuwa udongo mweusi unaomeza gari hadi milangoni. Kwa hiyo nilinunua pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, kutoka shirika moja lililokuwa linafunga ofisi. Mtu wa umri wangu, na kitambi changu, na shahada zangu mbili, juu ya kitu kile nilifanana na mtoto aliyesahauliwa kwenye bembea. Tairi zake zilikuwa na kipara kuliko mimi.

Nilikuwa nimesoma habari za tairi mtandaoni hadi ningeweza kuhutubia: kwamba za mbele na za nyuma hazilingani, kwamba kwenye tope hujazi upepo mwingi, kwa kuwa tairi laini hukanyaga kwa upana. Fundi wa tairi, Mganda aitwaye Okello, alinisikiliza huku ameegemea mashine yake ya upepo.

"Mzee, umemaliza kusoma?"

"Nimemaliza."

"Basi shika hii ya meno kubwa. Meno yake iko mbalimbali, tope natoka yenyewe. Hii ingine meno imebanana, hiyo ni ya kutembeza bibi Sunday."

"Sina bibi wa kutembeza."

"Ndiyo maana ulinunua hii kitu."

Nikachukua za meno makubwa. Tairi za aina hiyo zina mshale ubavuni, unaoonyesha upande zinakopaswa kuzungukia. Ukizifunga kwa kufuata mshale, meno yanatupa tope pembeni; ukizifunga kinyume, yanalibeba. Na kuna jambo jingine, ambalo mtandao haukuniambia: alama zinazobaki chini zinaonyesha ulikoelekea. Ukigeuza tairi, alama zinadanganya. Anayezisoma ataona umeingia, kumbe umetoka.

Okello alikuwa anakaza nati za mwisho mtu mmoja alipokuja kutoka upande wa darajani. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, miguu mitupu.

"Ita ge ruwa wen?" akauliza. Unaenda wapi?

Juba kila mtu huuliza hivyo. Lakini kwa anayeshika barabara ya Nimule, swali hilo kutoka kwa mtu usiyemjua halipendezi. Huenda ana jamaa zake wanaokusubiri mbele na bunduki. Nikamwambia siendi popote.

"Popote, na meno haya?" Akacheka. "Ustaz, hakuna anayenunua viatu vya mvua ili akalale." Usishangae kuitwa ustaz; hapa ukivaa miwani tu umekuwa mwalimu. Kisha akainama akagusa ule mshale. "Kwenda, nenda hivi. Ukimtoa mgonjwa, geuza. Njia ikuone unaingia."

Habari za Mama nilikuwa nimemwambia Okello peke yake. Nikamgeukia nimemkunjia uso. Akatikisa kichwa. Tulipotazama tena, yule mtu alikuwa anaishia zake darajani.

"Mzee," Okello akasema taratibu, akielekeza spana chini. "Angalia."

Nyayo za kuja za yule mtu zilikuwa zimeelekea darajani. Za kuondoka zilikuwa zinatujia sisi.

"Labda alitembea kinyumenyume," nikasema. Hivyo ndivyo watu tuliosoma tunavyosema.

"Wewe ulimuona natembea nyuma?"

Sikumwona. Alikuja uso mbele, kama wewe na mimi. Okello akakusanya spana zake, akafunga kibanda jua likiwa bado kali.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda, mshale ukiwa sawasawa, bila nia ya kuugeuza wakati wa kurudi, kwa sababu siwezi kupokea ushauri wa ufundi kutoka kwa mtu asiye na viatu. Tairi zilikula tope vizuri ajabu. Nilimkuta Mama nje, mguu ameuweka juu ya kigoda, macho yanang'aa kwa homa.

"Hiyo ni nini? Umenifuata na toroli?"

"Ni gari la kila njia, Mama."

"Gari lina paa." Akatazama nyuma yangu. "Na huyo mwenzako, mbona hakaribii? Mwambie kuna chai."

Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Yule pale kwenye uzio," Mama akasema. "Ametugeuzia mgongo. Lakini vidole vya miguu yake vinatutazama."

Ni homa, nikajiambia. Nilikwenda hadi kwenye uzio. Kando ya alama za tairi zangu kulikuwa na nyayo za miguu mitupu tangu kule kwenye kijito nilichovuka njiani, zote zimeelekea barabarani, kama za mtu anayeondoka. Jozi moja tu, ya mwisho, ilikuwa imeelekea kwetu.

Niamini, sikujadiliana na elimu yangu tena. Nilitoa spana. Kugeuza mshale ni rahisi: gurudumu la kulia unalipeleka kushoto, la kushoto kulia. Niliinua pikipiki kwa gogo, huku Mama akiuliza kama nimekuja kumchukua au kucheza. Kisha nikamfunga nyuma yangu kwa kanga.

Tairi zikabeba tope, kama ilivyotarajiwa. Kijitoni zilizunguka bure. Nilifungua kanga, nikashuka nikasukuma, maji yakinifika kiunoni, Mama akibonyeza mafuta na kumwita Yesu kwa sauti ya kumkemea. Tulipotoka upande wa pili yeye ndiye aliyetazama nyuma.

"Ameingia nyumbani," akasema.

"Nani?"

"Mwenzako. Sasa miguu yake imekaa sawa."

Madaktari waliuokoa mguu. Mama anakaa kwangu Malakia, na kila Jumapili baada ya kanisa anakunja nguo zake, tayari kurudi kwake. Jirani yule alipiga simu tena, Mama akiwa ameketi kando yangu anamenya karanga. Alishukuru kwamba nimemrudisha Mama nyumbani mapema. Uwanja unafagiwa, alisema, na jioni moshi unaonekana. Akipita humsalimia Mama, naye humwitikia kutoka ndani, ingawa hatoki.

Je, yule mtu alinionya, au alikuwa anaitaka nyumba, nami nikampa? Sijui. Nawe ukiwa unanunua tairi na mtu akaja kukushauri, usimtazame usoni. Tazama kwanza alikokanyaga, na usigeuze mshale kabla hujajua unamwachia nani unachokiacha.

Mama huniuliza tutarudi lini. Namwambia njia bado ni tope. Sasa ni kiangazi, udongo umepasuka, na vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria zetu.