Leseni ya ndugu yangu iko kwangu, na Jumamosi ni fainali

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari zenu. Admin, naomba unifiche jina, na ukiweza uiweke kabla ya Ijumaa asubuhi, maana baada ya hapo ushauri hautanisaidia tena.

Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, naishi Kilwa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa nipo nyumbani na mama. Mimi si mzungumzaji. Hata dukani husubiri watu waishe ndipo niseme ninachotaka. Mahali pekee ambapo sikuona aibu ni uwanjani. Nimechezea timu yetu ya wanawake miaka miwili, mshambuliaji, jezi namba tisa. Sikuwa hodari sana, lakini namba ile ilikuwa yangu. Na kwa kuwa sipotezi vitu, mwalimu wa timu alinikabidhi pia mfuko wa leseni za wachezaji. Leseni ni kile kikadi chenye picha. Siku ya mechi kamisaa anazikagua moja moja, na asiye nayo hachezi, hata awe nani.

Miezi mitano iliyopita alikuja kuishi kwetu mtoto wa mama mkubwa kutoka Njinjo. Nitamwita Somoe, si jina lake. Ni rika langu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka mazoezini, nilimwonea huruma kushinda ndani peke yake. Siku hiyo tulikuwa pungufu, mwalimu akamwambia aingie akimbiekimbie tu. Akafunga mawili, tena pekupeku. Wiki ya tatu mwalimu alinivua namba tisa akampa yeye. Akaniambia, "Wewe ni mtu mzima, utanielewa." Nikasema ndiyo, mwalimu. Mimi husema ndiyo kila mara.

Tangu hapo jina langu limepotea. Nikienda bombani naulizwa, "Wewe si ndiye ndugu yake Somoe? Mwambie Jumapili atufungie." Mama anamwita "mfungaji wangu". Siku ya mechi anamchagulia kipande kinono cha samaki, mimi naambiwa, "Wewe hukimbii leo, mwachie mwenzio." Hasemi kwa ubaya, anacheka. Somoe naye hucheka, kisha ananimegea nusu. Hapo ndipo wivu unanizidi, kwa sababu hata nafasi ya kumchukia ananinyima.

Timu yetu imefika fainali ya mashindano ya vilabu ya mkoa. Inachezwa mara mbili, kwanza kwetu, kisha ugenini Lindi. Ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita, tukashinda mawili kwa moja. Yote mawili kafunga Somoe. Mimi nilikaa benchi dakika zote tisini. Kulikuwa na baba mmoja kando ya uwanja akiwapigia kelele mabeki wa Lindi, "Mwombeni namba ya simu basi, maana kumshika hamwezi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka ili nisionekane.

Kwetu hapa binti akifunga, mpira ukiisha mama yake huingia uwanjani kumfunga kanga kiunoni, kina mama wanapiga vigelegele. Mama yangu aliingia. Ile doti niliijua. Aliinunua nilipomaliza mtihani, akasema ataitunza kwa ajili ya goli langu. Kipande kimoja alimfunga Somoe kiunoni, cha pili akamtupia begani. Kisha akaniita, "Njoo umpongeze dada yako." Nikaenda, nikampongeza.

Jioni ile Somoe aliniomba leseni yake aipige picha amtumie mama yake. Nikampa. Hazikupita dakika kumi akanirudishia mkononi. Jumatatu, kabla sijaupeleka mfuko kukaguliwa kwa ajili ya safari, niliitoa ile ya kwake nikaiweka ndani ya daftari langu la Biolojia. Mwalimu akauliza, "Ya Somoe iko wapi?" Nikasema, "Aliichukua, hajanirudishia."

Somoe akanitazama. Nilijua ataniita mwongo mbele ya wote. Akasema taratibu, "Kumbe sikukurudishia? Basi nimeipoteza mimi." Ananiamini kuliko anavyojiamini mwenyewe.

Tumepekua nyumba nzima, na mimi nikiinua magodoro pamoja nao. Mama amemwambia, "Watu wanakutegemea halafu unachezea kitu kama kile." Mwalimu amenirudishia namba tisa. Jana mama kaniambia atapanda gari la mashabiki aje Lindi kuniangalia. Nitakuwa mwongo mara mbili nikisema sikufurahi. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Leo asubuhi Somoe kaja na njumu zake mkononi. "Zako zimepasuka soli," akasema. "Vaa hizi, usije ukateleza kule." Akachuchumaa akanifunga kamba mwenyewe, akabonyeza kwa kidole gumba kuona kama zinanibana. Hazikunibana. Macho yake yalikuwa yamevimba. Halafu akaniambia Ijumaa sisi tukiondoka na yeye anarudi Njinjo, anaona aibu kukaa kwa mama. Begi ameshalifunga.

Nikijifanya nimeiokota mahali, atacheza, lakini ataendelea kuonekana mzembe na mimi nitaonekana mwema. Nikisema ukweli, nitausema mbele ya mama, mwalimu na timu nzima, mimi ambaye hata sukari ya robo naiomba kwa kunong'ona. Nikinyamaza, Jumamosi nitaingia uwanjani na namba yangu, na kinachonitisha ni kwamba bado naitaka.

Somoe naye anaufuata ukurasa huu. Akisoma atajua ni mimi. Nimeandika nikilijua hilo, labda kwa sababu hii ndiyo njia pekee ninayoiweza ya kumwambia, lakini sijui kama hiyo inatosha au bado ni woga tu. Dada zangu na mama zangu, gari linaondoka Ijumaa saa mbili asubuhi. Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie pia, nianzie wapi?