Mahindi ya Mama Hyera

Siku ya kwanza kazini niliripoti Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, na buti mpya miguuni na cheti cha kilimo kwenye bahasha. Nilitoka mkoa mwingine, sikujua hata neno moja la Kinyasa. Afisa Kilimo wa Wilaya alinitazama miguuni akacheka. "Bwana shamba, zichafue kwanza hizo buti, ndipo watu wakusikilize." Huko nilishughulika na mihogo, na watu walinisikiliza vizuri tu. Tabu ilianza nilipohamishiwa milimani, Mapera.

Wamatengo hulima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo, hadi mlima mzima unakuwa vishimo. Vishimo hushika maji, udongo hauporomoki. Mwezi wa tatu hupandwa maharage, na mvua za mwisho wa mwaka zikianza, mahindi hufuata palepale. Mimi chuoni nilifundishwa kupanda kwa mistari, basi nikafungua shamba darasa, yaani shamba la mfano. Wakulima walikuja, wakasaini mahudhurio, kisha wakapanda kilimani kumuuliza Mama Hyera.

Mama Hyera hakuwa na cheti chochote. Mvua kubwa ilipozoa udongo wa shamba darasa langu, mahindi yake yalisimama kijani kibichi, tena yamenizidi kimo. Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Watu walipomwamkia njiani, niliona kama wananinyima salamu zangu.

Miaka yangu ya mwisho kazini ikaja mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali humpunguzia mkulima bei. Kuipata, sharti uandikishwe kijijini, eneo lako na zao lako, na bwana shamba ahakiki shambani. Nilifika kwa Mama Hyera mwezi wa tatu. Ngoro zote zilikuwa na maharage.

"Bwana shamba, andika mahindi," aliniambia. "Unajua mwenyewe yanafuata."

"Mama, mimi naandika ninachokiona."

"Haya. Macho ni yako."

Nikaandika maharage. Mbolea ya mahindi ilipofika, jina lake halikuwemo. Mwenye duka, ambaye jembe analijua kwa kuliuza, alipata, kwa kuwa uani kwake niliyaona mahindi machache yakinyauka. Mwaka ule mahindi ya Mama Hyera yalidumaa, na kabla ya mavuno mengine nilimwona sokoni akinunua unga, yeye aliyezoea kuwagawia wenzake. Nilifurahi siku ile. Siku ya pili nilimkuta shambani kwake, na bado watu walikuwa wamemzunguka wakimuuliza maswali.

Nilistaafu nikabaki Mapera, kwani mke wangu ni wa hapa. Ngoro zetu kazichimba yeye, na mimi majani nayapanga kama wafanyavyo wanaume wengine. Uandikishaji uliporudi, alikuja bibi shamba mpya kuhakiki, nyuma yake Mama Hyera.

"Huyu mama ndiye anayenifundisha ngoro, mzee," alisema yule bibi shamba. Mimi hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na ilinichoma.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia Mama Hyera.

"Marahaba. Maharage yako yamependeza."

Bibi shamba alitoa simu ya kusajilia. "Zao gani, mzee?"

Ilikuwa mwezi wa tatu. Niligeuka kuzitazama ngoro zangu, zote maharage.

"Mwandikie mahindi," alisema Mama Hyera. "Yanafuata."

Akaendelea kwenye shamba la jirani, hakugeuka nyuma. Mbolea niliipata, na mahindi yangu sasa yamenizidi kimo. Wapita njia wanayasifu, nami naitikia asante. Lakini kila nikiyatazama, wivu wa zamani unarudi, tena mkali kuliko ule wa mwanzo. Mahindi nimeweza kuyapata kama yake. Ila ningekuwa mimi nimesimama mahali pake, pembeni ya simu ile, ningesema maharage.