Sentimita Nane za Mwalimu Eliakim

Maktaba aliyofanyia kazi Lukresia, mtaa wa Soweto mjini Moshi, ilikuwa ndogo, lakini majarida yake yaliongezeka kila wiki bila aibu. Bosi wake, Kornel, alichoka kuruka marundo sakafuni.

"Dada Lukresia, ikifika Ijumaa kila jarida liwe na mahali pa kulitosha miaka mitano. Litakalokosa, linakwenda buchani kufungia nyama."

Lukresia akachapa kazi. Siku mbili tu, rafu zote zimeshonana, hupenyezi hata wembe. Akajipiga kifua! Kesho yake yakaja matoleo mapya saba, na pa kuyachomeka hapakuwepo mpaka asukume rafu nzima, kuanzia herufi A.

Mama yake, Martha, alicheka kwenye simu hadi akakohoa. "Umekulia kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, wewe! Ulishaona nani anapanda mgomba asiuachie nafasi ya watoto wake?"

Aibu iliyoje. Lukresia akashika futi kamba, akapima kila jarida linanenepa kiasi gani kwa mwaka, akaliachia pengo lake. Yote yakaenea. Hata Habari za Buni, jarida la kahawa la Mwalimu Eliakim, mstaafu wa Kibosho, aliliachia sentimita nane.

"Hilo limekufa," Kornel akasema. "Miaka miwili halijatoka. Nakupa mwezi. Lisipokuja jipya, matoleo yote thelathini na moja buchani."

Roho ikamuuma Lukresia. Kila Jumanne mzee yule alishuka mjini kusoma maandishi yake mwenyewe, akitabasamu peke yake. Angemwambiaje?

Jumanne ikafika, mzee akasimama mbele ya rafu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pengo hili la nini?"

"La kwako, Mwalimu. La miaka mitano ijayo."

Mzee akalitazama, akavaa kofia, akaondoka bila kusoma. Jumanne mbili zilizofuata hakuonekana. Lukresia akajilaumu kwamba amemuudhi.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, huyo, na bahasha mkononi: toleo la thelathini na mbili, bado linanukia wino. Lukresia alipiga kigelegele humohumo maktabani. Kornel mwenyewe akalichomeka, kisha akaomba futi kamba.

"Milimita nne," akatangaza.

Mwalimu Eliakim akapiga hesabu kichwani, akavuta kiti.

"Bado matoleo kumi na tisa pengo lijae," akasema. "Mwanangu, nipatie karatasi."