Mstari Usio wa Ndege

Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, miaka ya tisini, baba mkwe alidanganywa kwa heshima. Macho yalikuwa yamemzimika, na kila alichouliza alijibiwa naam. Ijumaa moja asubuhi aliuliza kama kikoi alichovaa cha kuendea msikitini ni kile cheupe. Mama mkwe akasema ndicho, kumbe cheupe kilikuwa bado kinachuruzika kwenye kamba. Nami nilikuwapo, nikanyamaza kama wenzangu.

Mzee alikuwa fundi wa ndege mpaka alipostaafu. Mume wangu alimletea kutoka Dubai ndege ya plastiki ya kuunganisha, aina ile ile aliyoitengeneza ujanani. Mzee akanikabidhi mimi, kwa kuwa hupaka maharusi hina na mkono wangu hautetemeki.

"Iunge, mwanangu," aliniambia. "Kisha ntaisoma kwa vidole. Nikipotea na humu, basi nshakwisha."

Kazi gani hiyo ya kumpa mtu! Kiwiliwili kilikuja vipande viwili, na ukivigandisha, mgongoni hubaki ufa ambao ndege ya kweli haina. Ufa huo huzibwa kwa puti, kisha hupigwa msasa mpaka usisikike. Taabu ni kwamba plastiki yote imechorwa mistari myembamba, kuonyesha pale mabati ya ndege ya kweli yanapokutana, na msasa hauchagui cha kufuta. Nilibandika utepe huku na huku, nikajaza puti kwa kijiti changu cha hina, nikasugua kwa maji, pumzi nimeibana. Hata hivyo mstari mmoja uliokata mgongo ulifutika. Nikauchonga upya kwa sindano, utepe mgumu ukiwa rula. Karibu namalizia, sindano ikateleza, ikaacha mkwaruzo nyuma ya bawa. Nilijilaani kwa sauti. Puti ilikuwa imekwisha, na mzee alikuwa akivua viatu mlangoni, ametoka msikitini Ijumaa ile ile.

Aliketi, akaipakata. Vidole vikaanza puani, vikipanda taratibu.

"Kifuniko cha injini... bati la tangi..."

Mgongoni alipita mara mbili akiutafuta ufa, asiuone. Nikaanza kupumua. Nyuma ya bawa kidole kikasimama.

"Na huu?"

Mama mkwe alinikata jicho, akawahi yeye. "Mstari tu huo, bwana. Ndivyo ndege ilivyo."

Mzee alinigeuzia uso.

"Mwanangu, nakuuliza wewe."

Kumkanusha mama mkwe mbele ya mumewe si jambo dogo kwetu. Wako waliorudishwa kwao kwa makosa madogo zaidi. Lakini nikiitikia, mzee angeamini kuwa vidole navyo vimeyafuata macho.

"Si mstari wa ndege huo, Baba. Sindano ilinitoroka."

Alishusha pumzi ndefu, akacheka, machozi yakimlenga. "Mkono ungaliko," akasema. "Alhamdulillahi, mkono ungaliko."

Nilidhani yamekwisha. Kisha akalishika pindo la kikoi chake, akalisugua baina ya vidole.

"Na hiki? Nambie kweli."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni kile chekundu, Baba. Cha kulalia."

Aliliachia pindo, akairudia ndege mapajani.

"Nami nimeswali safu ya mbele," akasema, "na hakuna alonambia."