Nukta Niliyoifuta Lodwar

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, Mkurugenzi wa maabara alinipokea mlangoni kwa maneno haya: "Hapa hata pumzi yako ni uchafu." Nikadhani ananitukana. Kumbe alimaanisha mvuke wa maji, ambao humeza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kabla haujafika kwenye sampuli.

Kazi yetu ilikuwa kuchunguza mitikisiko ya molekuli. Leza ilitoa mapigo mafupi mno: pigo moja linatikisa kiungo cha molekuli, linalofuata linauliza kama kiungo jirani nacho kimetikisika. Majibu yalichorwa kama ramani. Nukta za kwenye mshazari zilikuwa za kawaida. Nukta ya pembeni ndiyo iliyoonyesha kwamba viungo viwili vinatikisika pamoja. Nilipanga vioo vya kuelekeza leza alfajiri, ndani ya sanduku la hewa kavu, kabla joto halijaisogeza meza. Kioo kikisogea unywele mmoja tu, kazi ya siku nzima imeharibika.

Mwaka wangu wa nne, kwenye protini ya maziwa ya ngamia, niliona nukta ya pembeni ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Nilirudia siku tatu. Ilikuwa palepale.

Nilipompelekea ramani, Mkurugenzi hata hakuketi. "Hiyo ni mvuke tu. Umeacha sanduku wazi."

"Sijaacha, Daktari. Unyevu nimepima kila saa, nimeandika hapa."

"Madam, wewe ni fundi. Futa, tusiaibike."

Mvuke, Lodwar, kiangazi kile, nguo zikikauka kabla sijamaliza kuzianika! Lakini nilifuta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana kidole kilikuwa changu.

Mwezi uliofuata nikahamishiwa Kakuma kwa kosa la ubishi. Nilitunza stoo ya vifaa vya sayansi vya shule za kambi ya wakimbizi hadi nikastaafu, na leza sikuiona tena. Kwa hiyo ninyi vijana mnaonisikiliza, msinitazamie niwasifie utiifu wa zamani.

Juzi simu ikalia. Alikuwa Mkurugenzi, naye amestaafu. Akasema watafiti wa ng'ambo wametangaza nukta ileile, na rekodi zetu zingethibitisha kwamba sisi tulitangulia.

"Uliziweka wapi, Madam?"

"Nilizifuta, Daktari. Wewe uliniagiza."

"Lakini si ungebaki na kopi?"

Nilikata simu. Kisha nikalia, jambo ambalo sikulifanya siku ile niliyofuta.