Upepo wa Sinema katika Stoo ya Pareto

Mwaka ule wa hali ya hatari, mume wangu alipochukuliwa na askari, nilikuwa nachuma maua ya pareto katika shamba la mzungu mmoja upande wa Molo. Watu wa lugha yangu walikuwa wamerudishwa makwao kwa malori. Mimi nilibakizwa kwa sababu wachumaji walikuwa wachache. Siku nzima ningeweza kuimaliza bila kusema neno, isipokuwa "ndiyo" kwa nyapara.

Jumapili moja alasiri likaja gari la sinema. Madirisha ya stoo ya pareto yakazibwa kwa magunia, shuka jeupe likatundikwa, tukaketi sakafuni.

Picha ilianza bila sauti, maana spika ilikuwa imeharibika. Tukamwona mwanamke ameketi dirishani, taa iko upande, nusu ya uso wake gizani. Akageukia mlango, akangoja, akainamisha kichwa.

"Amepoteza mbuzi!" mmoja akapaza sauti. Stoo nzima ikacheka, hata mimi.

Fundi wa sinema akahangaika na waya, kisha akairudisha picha mwanzo. Safari hii tulisikia upepo. Viatu vikaja vikikanyaga changarawe, mwanamke akageuka. Viatu vikapita mlango, vikaenda zake, ukabaki upepo. Hakuna aliyecheka. Nami kila jioni nilisikia viatu vya wakamuaji wa ng'ombe wa mzungu vikipita mlangoni kwangu vivyo hivyo.

Watu walipotoka nilimwuliza fundi, "Upepo ule waliushika wapi?"

"Si upepo, mama. Ni mtu anasugua kitambaa kwenye ubao." Akatabasamu. "Na taa wameiweka kando makusudi. Ingekuwa mbele, ungedhani anangoja chai."

Nilimwelewa, lakini machozi yaliyonitoka tangu viatu vile vilipopita hayakukoma.

Jioni hiyo jirani yangu, mama wa Kikipsigis ambaye sikuwa nimewahi kuzungumza naye, alikuja akaketi karibu na moto wangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo.

"Wako iko wapi?"

"Sijui."

"Yangu ilienda vita, Burma," akasema. "Haikurudi."

Nikaongeza kuni motoni. Alikuja jioni nyingi baada ya hapo, mpaka alipohamia kwa mwanawe huko Dundori.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata, amekonda, hasemi mengi. Nilimsimulia sinema ile yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna maji ya kuoga.